Noti, kilomita, mita kwa sekunde: namna ya kugeuza vipimo vya kasi bila kupotea

Uko dikoni Lamu alfajiri, simu mkononi. Utabiri unasema upepo 9. GPS ya mashua jana ilionyesha 13. Mwenye boti ya jirani anaapa kwamba mashine yake mpya "yaenda thelathini". Namba tatu hizo, na hakuna hata moja unayoweza kuilinganisha na mwenzake mpaka ujue ni tisa ya nini, kumi na tatu ya nini, na thelathini ya nini.

Maswali yanayorudi kila msimu ni yaleyale. Noti 25 ni kilomita ngapi? Mbona simu na GPS havikubaliani na vyote viko kwenye mashua moja? Hapa nazidisha au nagawanya? Mwongozo huu unajibu hayo, kwa mifano ya maji ya Lamu na njia ya kushuka Malindi. Ni mwongozo wa hesabu tu. Haukuambii kama leo utoke au usitoke. Hilo ni la nahodha na hali ya bahari anayoiona.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kikokotoo. Cha simu kinatosha, ila simu ikilowa hesabu imekwisha, kwa hiyo uwe na kingine cha bei rahisi au ujue njia za mkato zilizo hapa chini.
- Kadi ngumu na kalamu ya wino usiofutika. Ukishaandika jedwali lako, livike plastiki. Karatasi tupu haimalizi wiki mbele ya maji ya chumvi.
- Saa ya kupimia sekunde. Ya simu inafaa.
- Futi ya fundi yenye urefu wa mita 7.5 au zaidi, kwa wale watakaopima kasi bila GPS.
- Namba tatu kichwani: 1.852, 3.6 na 1.609. Ukizijua hizo, nyingine zote utazitoa mwenyewe.

Vipimo vinne utakavyokutana navyo

Kilomita kwa saa, alama yake km/h, wakati mwingine kph, ndiyo ya barabarani. Mita kwa sekunde, alama yake m/s, utaikuta kwenye utabiri wa upepo. Maili kwa saa, alama yake mph, ni ya Uingereza na Marekani. Maili hiyo ya nchi kavu ina mita 1609.344. Noti, alama zake kn, kt au kts, ni ya bahari na ya ndege. Noti moja ni mwendo wa maili moja ya bahari kwa saa moja, na maili ya bahari ni mita 1852 kamili, kama ilivyokubaliwa kimataifa mwaka 1929.

Kwa nini bahari haikuridhika na kilomita? Kwa sababu maili ya bahari imekaa ndani ya ramani yenyewe. Dakika moja ya latitudo, yaani sehemu moja ya sitini ya nyuzi, ni karibu sana na maili moja ya bahari. Mji wa Lamu uko takriban nyuzi 2 na dakika 16 kusini mwa ikweta, Malindi takriban nyuzi 3 na dakika 13. Tofauti ni dakika 57. Basi hata kabla hujagusa rula unajua kwamba Malindi iko maili 57 za bahari kusini mwa Lamu, mbali na zile za kwenda magharibi. Ukizijumlisha zote kwa mstari ulionyooka unapata kama maili 74. Njia halisi, kwa kukwepa miamba na mafungu, ni ndefu zaidi. Kwa hesabu za hapa tutatumia 75.

Ukipima umbali kwenye ramani ya bahari, weka bikari kwenye ukingo wa kushoto au wa kulia, penye latitudo. Ukingo wa juu na wa chini ni wa longitudo, na dakika zake si maili. Huku kwetu karibu na ikweta tofauti ni ndogo, kwa hiyo kosa hili linaweza kukaa miaka bila kumuumbua mtu, mpaka siku akipewa ramani ya mbali.

Hatua kwa hatua

1. Soma alama kabla ya kusoma namba. Kwenye utabiri wa simu, alama hukaa pembeni au chini ya rangi za upepo, kwa herufi ndogo. Baadhi ya programu hubadili kipimo ukiigusa tu alama hiyo, na kidole chenye mafuta ya samaki huigusa bila mwenyewe kujua. Kwenye GPS, ingia kwenye mpangilio, tafuta neno Units. Ukikuta Nautical, kasi ni noti. Ukikuta Metric, ni kilomita kwa saa. Ukikuta Statute, hiyo ni maili ya nchi kavu, na hapo ndipo wengi hunaswa: wanaona neno maili wakidhani ni ya bahari.

2. Andika namba pamoja na alama yake. Usiandike "13". Andika "13 kn". Namba iliyoandikwa peke yake kwenye kiganja itageuka kuwa kitu kingine ukifika Mokowe.

3. Ipeleke kwanza kwenye kilomita kwa saa, kwa kuzidisha. Kila kipimo kina namba yake:
 noti × 1.852
 m/s × 3.6
 mph × 1.609
 Kwenda kwenye km/h ni kuzidisha, siku zote. Hakuna la kukumbuka zaidi ya hilo.

4. Toka kwenye kilomita kwa saa uende unakotaka, kwa kugawanya. Namba ni zilezile tatu:
 km/h ÷ 1.852 ni noti
 km/h ÷ 3.6 ni m/s
 km/h ÷ 1.609 ni mph
 Kutoka kwenye km/h ni kugawanya, siku zote.

 Tuchukue utabiri ule wa asubuhi, upepo 9 m/s. Zidisha: 9 × 3.6 = 32.4 km/h. Gawanya: 32.4 ÷ 1.852 = 17.49. Ni noti 17.5. Aliyedhani ile 9 ni noti aliona upepo mwanana. Kumbe ni upepo ambao kwenye kipimo cha Beaufort, kile cha kupanga nguvu za upepo kwa madaraja, uko daraja la 5, linaloanzia noti 17 hadi 21, na bahari nje ya mlango imeshajaa povu jeupe.

 Na noti 25, inayotajwa mara kwa mara kwenye tahadhari za upepo mkali za Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya: 25 × 1.852 = 46.3 km/h. Kisha 46.3 ÷ 3.6 = 12.86 m/s, ambayo huandikwa 12.9.

 Zipo namba za kuvuka moja kwa moja bila kupitia km/h. Ya kutoka m/s kwenda noti ni 1.944, ya kutoka noti kwenda mph ni 1.151. Zitumie ukishazoea. Anayeanza hukariri sita, kisha akachanganya mbili, afadhali tatu zisizochanganyika.

5. Kagua jibu kwa ngazi. Kasi moja, ikiandikwa kwa vipimo vinne, namba zake hujipanga hivi: km/h ndiyo kubwa kuliko zote, kisha mph, kisha noti, na m/s ndiyo ndogo. Mfano wa kukariri: 36 km/h ni mph 22.4, ni noti 19.4, ni 10 m/s. Kasi ni ileile, namba ndiyo inayoshuka. Sasa ukigeuza km/h 24 kuwa noti ukapata 44, huhitaji mtu wa kukusahihisha: noti haiwezi kuwa kubwa kuliko km/h. Umezidisha mahali pa kugawanya. Jibu sahihi ni 24 ÷ 1.852 = 12.96, yaani noti 13.

 Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayokamata makosa mengi kuliko zote.

6. Punguza desimali mwishoni, usizipunguze njiani. Beba 32.4 kama ilivyo mpaka jibu la mwisho. Kwa kasi ya mashua, desimali moja inatosha. Kuandika noti 17.4946 si umakini. GPS yenyewe haijui hizo nyingine.

7. Geuza kasi kuwa muda. Gawanya umbali kwa kasi, lakini vipimo vifanane: maili za bahari kwa noti, kilomita kwa km/h. Jibu linakuja kwa saa zenye desimali, na desimali hizo si dakika. Zizidishe kwa 60. Saa 5.75 ni saa 5 na dakika 45, kwa sababu 0.75 × 60 = 45. Anayesoma 5.75 kama "saa tano na dakika sabini na tano" anajikuta na saa sita na robo.

8. Hesabu mkondo kwa kipimo kilekile. Mkondo ukiwa nyuma yako, jumlisha. Ukiwa mbele, toa. Ila hakikisha vyote ni noti. Mashua inakata maji kwa noti 15, mkondo wa mbele ni 1 m/s. Ukitoa 15 − 1 unapata 14, na maili 75 zitaonekana ni saa 5 na dakika 21. Lakini 1 m/s ni noti 1.94. Mwendo halisi ni noti 13.06, na safari ni saa 5 na dakika 45. Dakika 24 zimepotelea kwenye namba moja ndogo. Wakati wa kusi hesabu hii haiepukiki kwa anayeshuka Malindi, maana mkondo wa pwani unapanda kaskazini naye anaukabili.

Kipimo kibaya kinagharimu nini

Rudi kwa yule wa "thelathini". Kama ni km/h 30, boti yake ni ya noti 16.2. Kama ni mph, ni noti 26. Kama kweli ni noti 30, inakimbia kilomita 55.6 kwa saa. Hizo ni boti tatu tofauti.

Sasa chukua safari ya Lamu hadi Malindi, maili 75, na skrini inayosema 15 bila wewe kuangalia alama. Tuseme mashine inakunywa lita 15 za petroli kwa saa (yako pime mwenyewe: jaza tangi, endesha saa moja kwa mwendo wa safari, jaza tena, uone limeingia kiasi gani).

Zikiwa noti 15: saa 5, lita 75.
Zikiwa mph 15, yaani noti 13: saa 5 na dakika 45, lita 86.
Zikiwa km/h 15, yaani noti 8.1: saa 9 na dakika 16, lita 139.

Aliyebeba lita 100 akiamini ni noti, kumbe ni kilomita, mafuta yatamwishia kama maili 54 kutoka alikotoka, zikibaki 21. Na hapo hatujataja mkondo.

Kadi ya kubandika karibu na usukani

Nakili hii kama ilivyo. Mfuatano ni noti, km/h, m/s, mph.

5 kn — 9.3 — 2.6 — 5.8
10 kn — 18.5 — 5.1 — 11.5
15 kn — 27.8 — 7.7 — 17.3
20 kn — 37.0 — 10.3 — 23.0
25 kn — 46.3 — 12.9 — 28.8
30 kn — 55.6 — 15.4 — 34.5
35 kn — 64.8 — 18.0 — 40.3

Kasi isiyo kwenye kadi, jumlisha mistari. Noti 40 hukuiandika? Ni mstari wa 25 na wa 15. Noti 8? Chukua mstari wa 10, zidisha kwa 0.8.

Njia za mkato, mikono ikiwa imelowa

Noti kwenda m/s: gawanya kwa mbili. Noti 20 ni kama 10 m/s. Kamili ni 10.3.

m/s kwenda noti: zidisha kwa mbili. 9 m/s ni kama noti 18. Kamili ni 17.5. Kwa upepo hii ndiyo njia bora kuliko zote, kwa sababu kosa lake ni la asilimia 3 hivi na linauongeza upepo badala ya kuupunguza. Ile ya kwanza inaupunguza. Ukikosea upepo, afadhali uukosee kwa juu.

Noti kwenda km/h: zidisha kwa mbili, kisha utoe sehemu moja ya kumi ya ulichopata. Noti 15 ni 30, toa 3, ni 27. Kamili ni 27.8.

km/h kwenda noti: gawanya kwa mbili, kisha uongeze sehemu moja ya kumi ya ulichopata. km/h 24 ni 12, ongeza 1.2, ni 13.2, kamili ni 13.

mph kwenda km/h: ongeza nusu, kisha ongeza tena sehemu ya kumi ya namba ya mwanzo. mph 30 ni 30 na 15 na 3, yaani 48. Kamili ni 48.3.

Njia hizi ni za kuamulia mambo ya papo hapo. Hesabu ya mafuta ifanye kwa kikokotoo, ukiwa bado nchi kavu.

Kupima kasi bila GPS

Mabaharia wa zamani walitupa batli: ubao uliofungwa kamba yenye mafundo, na kichupa cha mchanga cha sekunde 28. Mafundo yalipishana futi 47 na inchi 3, na idadi ya mafundo yaliyopita mkononi ndiyo ilikuwa kasi. Jina la noti limetoka hapo, kwenye fundo la kamba, wala halihusiani na noti ya benki.

Wewe hutahitaji kamba. Utahitaji kumbi la nazi na watu wawili.

Pima kwa futi, kwenye ubavu wa mashua, urefu wa mita 5 na sentimita 14, kuanzia karibu na omo kurudi tezi. Weka alama mbili za rangi inayoonekana vizuri. Tumia kumbi lililoloweka maji mpaka likazama zaidi ya nusu. Kumbi kavu hukaa juu ya maji na upepo hulisukuma, kipimo kikaharibika. Mmoja asimame omo alitupe mbele ya alama ya kwanza, mbali kidogo na povu la mashua. Linapopita alama ya kwanza apige kelele "haya!" na mwenzake aanzishe saa. Linapopita alama ya pili, asimamishe.

Gawanya 10 kwa sekunde ulizopata. Jibu ni noti. Sekunde 2 ni noti 5. Sekunde 2.5 ni noti 4. Hakuna kingine cha kugeuza, kwa sababu ile mita 5.14 imechaguliwa makusudi: noti 10 ni mita 5.14 kwa sekunde.

Rudia mara tatu uchukue wastani. Kwenye mwendo wa zaidi ya noti 6 alama hizi ziko karibu mno. Kuchelewa kwa kidole thuluthi moja ya sekunde kunaharibu kila kitu. Kama chombo ni kirefu, mathalani jahazi, weka alama kwa mita 10 na sentimita 29, kisha ugawanye 20 badala ya 10. Boti ya mashine inayoruka juu ya maji usiihangaikie kwa kumbi, itumie GPS.

Fahamu jambo moja. Kumbi linapima mwendo ndani ya maji. GPS inapima mwendo juu ya ardhi. Tofauti kati yao, ukiwa umeelekea mkondo au umeupa mgongo, ndiyo mkondo wenyewe. Kumbi likisema noti 4 na GPS ikasema 2.5, huna kifaa kibovu. Una mkondo wa noti 1.5 usoni mwako.

Makosa yanayorudiwa kila siku

"Noti kwa saa." Noti tayari ina "kwa saa" ndani yake. Sema noti 12, basi. Anayesema noti 12 kwa saa hajaharibu hesabu, lakini mara nyingi ni dalili kwamba anachanganya noti na maili yenyewe, na kesho atakuambia Malindi iko "noti sabini".

Kupata wastani wa kwenda na kurudi kwa kujumlisha na kugawa mbili. Ulikwenda kwa noti 10, ukarudi njia ileile kwa noti 6. Wastani si 8. Ni 7.5, kwa sababu ulikaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa polepole. Chukua umbali wote, ugawanye kwa muda wote.

Kusoma mikupuo kama wastani. Utabiri huwa na namba mbili za upepo: wa kawaida, na ule wa mikupuo, yaani upepo unaovuma ghafla na kutulia. Mmoja akisoma 14 na mwenzake 20 kwenye simu ileile, wasianze kubishana juu ya vipimo kabla ya kutazama wamesoma mstari gani.

Mkato wa Kizungu. Baadhi ya simu, kutegemea lugha iliyowekwa, huandika 12,9 kwa mkato badala ya nukta. Ni kumi na mbili nukta tisa, si mia moja ishirini na tisa.

Saa ya utabiri. Hili si la kasi, ila linaharibu hesabu ya safari vilevile. Utabiri ukiandikwa UTC, yaani saa ya kimataifa, toa 3 na utapata saa ya Kiswahili moja kwa moja: 09 UTC ni saa sita mchana, 12 UTC ni saa tisa.

Kwa wanaokimbia ufukweni Shela na saa za mkononi zinazoandika dakika kwa kilomita: gawanya 60 kwa dakika hizo. Dakika 5 kwa kilomita ni km/h 12. Na kwa wa barabarani, kidhibiti mwendo cha matatu cha km/h 80 ni noti 43, kwa anayetaka kujua.

Namba zikikataa kukubaliana

Vifaa viwili vinatofautiana, au jibu lako halilingani na la mwenzako. Usikisie. Gawanya namba kubwa kwa ndogo, kisha tazama uwiano uliopata:

- 1.15: moja ni noti, nyingine mph. Angalia kama GPS iko kwenye Statute.
- 1.6: moja ni mph, nyingine km/h.
- 1.85: moja ni noti, nyingine km/h. Hili ndilo la simu na GPS kwenye mashua moja.
- 1.94: moja ni m/s, nyingine noti.
- 2.24: moja ni m/s, nyingine mph.
- 3.6: moja ni m/s, nyingine km/h. Simu za Android hutunza kasi ndani yake kwa m/s, na programu iliyotengenezwa kwa haraka huionyesha hivyohivyo bila kuigeuza. Ukiona boti inayopaa juu ya maji inaandikiwa 7, ndiyo hiyo.
- 3.43: hii ni ya mtu, si ya kifaa. Amezidisha kwa 1.852 mahali pa kugawanya, au kinyume chake. Kwa mph kosa hilo hutoa 2.59, kwa m/s hutoa 12.96.
- 1.03: mmoja wenu ametumia njia ya mkato ya mbili. Hakuna kosa.

Uwiano ukibadilika kila ukipima, leo 1.2, kesho 1.4, acha kutafuta kipimo. Vipimo huwa na uwiano usiobadilika. Huo ni mkondo, au mmoja anapima ndani ya maji na mwingine juu ya ardhi. Geuza mashua uelekee ulikotoka kwa mwendo uleule wa mashine: GPS ikiruka kutoka 9 hadi 12, wastani wake, 10.5, ndio mwendo wako ndani ya maji, na 1.5 ndio mkondo.

Muda wa safari ukija mdogo ajabu au mkubwa ajabu, rudi kwenye umbali. Mara nyingi umegawanya kilomita kwa noti. Kilomita 139 ÷ 15 kn inatoa saa 9.3 badala ya 5, na uwiano ni 1.85 uleule.

Na GPS ikionyesha noti 0.2 au 0.3 mashua ikiwa imetia nanga, usifungue mpangilio wowote. Ni kuyumbayumba kwa kipimo cha setilaiti. Isome tena mashua ikishaondoka.